Jibi Nne kwa Kitabu cha Hesabu

Tarehe 3 Agosti

Kwa shemeji yangu, Fundi,

Salamu nyingi. Dada yako hajambo, isipokuwa goti lake, nalo amelizoea kuliko alivyonizoea mimi. Nakuandikia barua kwa sababu masikio yangu na simu havipatani tena: nasikia kelele, sisikii maneno. Barua hii itakufikia kwa mkono wa karani wa mizigo wa basi, na majibu yako yapitie kwake.

Jambo lenyewe ni hili. Katika chumba chetu cha kuchapia hapa shuleni tuna kompyuta moja na mashine moja ya nukta nundu. Kompyuta hukigeuza kitabu cha kawaida kuwa nukta, mashine huzigonga nukta hizo kwenye karatasi nene, na wanafunzi wasioona huzisoma kwa vidole. Mashine ya nundu ina plagi pana ya kizamani, na sijaona kompyuta ya siku hizi yenye tundu la kuipokea. Kwa hiyo kompyuta hii kuukuu ndiyo tuliyo nayo.

Vitabu vya hadithi huvimeza bila shida. Sasa nimeipa kitabu cha hesabu cha kidato cha mwisho, chenye pembetatu, duara na grafu. Kila inapofika kwenye michoro inaganda. Kishale hakisogei, nami naketi mbele yake kama mtu anayesubiri mgonjwa afumbue macho. Fundi wa shule ya jirani alipita, akasema, "Mwalimu, hii ina njaa ya kumbukumbu. Iongezee RAM." Nilipomuuliza kiasi gani, na za aina gani, akatazama saa yake.

Kitabu ni cha mjukuu wetu. Tangu shule hii ianzishwe, wanafunzi wasioona husamehewa somo la hesabu, kana kwamba wamekosa jambo. Yeye amekataa kusamehewa. Anataka kwenda chuo cha ualimu ili afundishe hesabu, na chuo hakimpokei asiye na cheti cha somo hilo. Ofisi ya mitihani imemruhusu, mwaka huu tu, kwa sharti moja: kitabu chote kiwepo kwa nukta nundu, na mkaguzi akione kwa macho yake, tarehe 30 Septemba. Kisipokuwepo, jina lake linafutwa.

Nijibu kwa ufasaha, bila mizaha yako: ninunue kumbukumbu kiasi gani, na ya aina gani?

Shemeji yako,
Mwalimu

*

Tarehe 9 Agosti

Shemeji Mzee Nukta,

Shikamoo. Usinune kwa jina hilo, wanafunzi wako ndio waliolitunga na dada ndiye aliyelivujisha. Mimi naitwa Bisibisi mtaa mzima na bado nakula, nalala.

Maswali yako mawili yana mpangilio. Aina kwanza, kiasi baadaye, maana aina ndiyo inayoamua kiasi. RAM huja kwa vijiti, nazo zina vizazi. Kwa umri wa mashine yako, ni kizazi cha kwanza au cha pili. Ukiziweka mezani huwezi kuzitofautisha: urefu mmoja, rangi moja, meno ya dhahabu chini. Tofauti ni lile pengo dogo katikati ya meno. Kutoka kizazi cha kwanza hadi cha pili limesogea kidogo tu, kama upana wa punje ya mchele. Waliotengeneza wamefanya hivyo makusudi, ili mtu asichomeke kizazi kisichohusika. Namjua mmoja aliyechomeka kwa nguvu. Mashine yake naijua pia, siku hizi naikalia hapa dukani kama kigoda.

Ikiwa ni kizazi cha kwanza, mwisho wake gigabaiti mbili, au jibi mbili kama tusemavyo mafundi, shemeji, hata ulie. Itajikongoja na hizo pembetatu, sikuahidi kitu. Ikiwa ni cha pili, tunaweka vijiti viwili pacha vya jibi mbili mbili, jumla nne. Usije ukachanganya kikubwa na kidogo. Na usiniombe nane, haitawaka. Hata hizo nne programu yako ya kizamani haitaziona zote, itaona tatu na kitu, lakini kwa kitabu hicho zinatosha na kubaki.

Kwa hiyo fungua ubavu wa mashine, chomoa kijiti kilichomo, unisomee karatasi iliyobandikwa juu yake. Au nitumie chenyewe nikione.

Msalimie mjukuu. Mwambie Babu Bisibisi anataka kufundishwa hesabu na yeye, maana wewe ulishindwa.

Bisibisi

*

Tarehe 14 Agosti

Kwa shemeji yangu,

Barua yako haina aya iliyotulia, lakini nimeielewa.

Karatasi ya kijiti haisomeki. Katika chumba hiki kila kitu kimebandikwa utepe wa nukta nundu, hata birika, kwa sababu msahihishaji wangu haoni, naye anataka akishika kitu akijue. Kijiti nacho kilikuwa na utepe wake. Nilipoubandua ulitoka pamoja na karatasi ya kiwandani, na maandishi yote yakabaki kwenye gundi.

Kukutumia kijiti chenyewe siwezi. Ni hicho kimoja tu, na wiki hizi tunachapa mitihani ya muhula ya madarasa mengine. Badala yake nimefanya kama tunavyofanya ramani za nundu: nimekikandamiza kijiti kwenye karatasi nene hadi meno na pengo vikajichora. Kilichomo ndani ya bahasha hii ni sura yake halisi. Mimi ramani zangu zimefundisha watoto wasioona mahali mito inapopita. Sidhani kama zitashindwa kukufundisha mahali pengo lilipo.

Kuhusu kiasi, nimetafakari sana. Nataka jibi nne. Jana nilimruhusu mjukuu akae nami kompyuta ikijaribu sura ya duara. Ilipoganda aliniuliza, "Babu, imefika?" Nikamwambia inafikiri. Akacheka, akasema, "Basi inafikiri kama mimi kwenye grafu." Ninaomba iwe kizazi cha pili.

Shemeji yako,
Mwalimu

*

Tarehe 21 Agosti

Shemeji,

Kizazi cha pili! Mwambie mtoto ashangilie.

Nimeiweka karatasi yako mezani, nikapima kwa rula kutoka ukingoni, na pengo limeangukia pale pale pa kizazi cha pili. Sura yenyewe ni fupi kidogo kuliko kijiti, nadhani mkasi wako umekula ukingo. Lakini kazi safi, nimewaonyesha mafundi wenzangu, mmoja ameuliza kama unatengeneza na picha za watu.

Kwenye kifurushi hiki kuna vijiti viwili pacha, jibi mbili mbili. Zima mashine, chomoa waya ukutani, gusa chuma kwanza. Kijiti kikae kama mguu kwenye kiatu chake. Kikikataa, usikilazimishe. Narudia kwa sababu nakujua: usikilazimishe, niandikie.

Jibi nne, Mzee Nukta. Uanze kuhesabu duara.

Bisibisi

*

Tarehe 2 Septemba

Kwa shemeji yangu,

Kifurushi kimefika. Nakushukuru. Mashine ya nundu inagonga, na sauti yake inafika hadi bwenini kwa wasichana. Mjukuu amefurahi.

Naomba pia unijulishe, kwa faida ya wanafunzi wangu, harufu kama ya mpira unaoungua ndani ya kompyuta huwa ni ya kitu gani, na kama kitu hicho hutengenezeka.

Mwalimu

*

Tarehe 6 Septemba

Shemeji,

Wanafunzi gani hao?

Tangu jana barua yako iko mfukoni mwangu na sijapata usingizi wa maana. Nimeichukua tena ile karatasi, nikalaza kijiti cha kizazi cha kwanza juu yake. Kingo zote mbili zinatokeza. Mkasi hauwezi kula ukingo wa kulia na wa kushoto sawasawa hivyo. Niambie ukweli, hiyo karatasi uliikandamiza kavu?

Mimi nilitaka iwe cha pili, wewe ulitaka iwe cha pili. Rula ikatupa tulichotaka, tukafurahi.

Niambie na kilichotokea. Kama kuna moshi, useme moshi. Na kama kompyuta imekufa, ni nini hicho kinachogonga hadi bwenini?

Bisibisi

*

Tarehe 11 Septemba

Kwa shemeji yangu,

Nani hukandamiza ramani kwenye karatasi kavu? Karatasi kavu huchanika. Sisi huilowesha kwanza, tunaikandamiza, kisha tunaianika juani hadi ikauke na kushika umbo. Inapokauka hurudi ndani kidogo pande zote, na kwa ramani haidhuru kitu, kwa kuwa mto hubaki mahali pake ukilinganisha na mlima. Sikukueleza kwa sababu haikunijia kuwa yuko mtu asiyejua. Punje yako ya mchele imepotea hapo.

Kijiti kilikataa. Nilijua kimekataa. Nilikitoa, nikakigeuza, nikakirudisha. Msahihishaji alisema, "Mwalimu, si uandike kwanza?" Nilihesabu siku za barua kwenda na kurudi, nikaona hazitoshi. Nikaweka vidole gumba viwili juu yake nikakandamiza. Kililia, kikaingia. Nilidhani kimekubali. Nilipowasha, moshi ulitoka kabla ya taa. Hata kijiti cha zamani nilipokirudisha, haikuwaka tena.

Wakati huo mjukuu alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Alisema, "Babu, kuna kitu kinaungua?" Nikamwambia ni vumbi la siku nyingi, linaungua mashine ikipata nguvu mpya.

Mashine ya nundu ina kitufe cha kujijaribu yenyewe, bila kompyuta. Ukikibonyeza inagonga ukurasa wa majaribio, alfabeti kuanzia mwanzo hadi mwisho, tena na tena. Ndicho kinachogonga. Kila alasiri naibonyeza ili asikie bwenini kwamba kitabu chake kinachapwa. Juzi aliniletea chai, akauliza tumefika wapi. Nilimjibu, "Tumefika kwenye duara."

Maisha yangu yote nimewaadhibu watoto kwa uongo mdogo kuliko huo. Dada yako hasemi nami. Anapika, anaweka, anaondoka.

Nitafutie kompyuta nzima yenye tundu pana. Sichagui rangi, sichagui umri. Aina na kiasi cha kumbukumbu nakuachia wewe, na safari hii ichomeke mwenyewe huko huko. Nikipata kurasa za kweli mkononi, nitamwambia.

Mwalimu

*

Tarehe 15 Septemba

Babu Bisibisi,

Shikamoo. Naandika kwa taipureta ya shule. Kama kuna makosa, kwangu hayaonekani, kwa hiyo hayanisumbui.

Bibi ameniambia kuwa unatafuta kompyuta nyingine. Hakuniambia kwa nini, ila sikuhitaji kuambiwa. Mashine ya nundu inapochapa kitabu haigongi sawasawa. Kuna mstari mrefu, kuna mfupi, kuna kimya cha kugeuza ukurasa, na ikifika kwenye mchoro hunguruma kama tumbo. Sasa inagonga mstari ule ule, kama mtu anayekariri kitu asichokielewa. Bweni zima linajua. Rafiki yangu wa kitanda cha juu huwa anasema, "Haya, babu yako ameanza tena a, be, che."

Nilimpelekea chai ili nihakikishe. Kikapu cha karatasi kiko karibu na mlango, nikatia mkono wakati yeye akitafuta kijiko. Alfabeti, Babu. Karatasi nene yote ile ya shule, alfabeti tupu. Nikamuuliza tumefika wapi, akanijibu kwa ile sauti yake ya darasani. Nikasema kazi njema, nikatoka. Nililia kwenye bomba la maji kwa sababu pale kuna kelele.

Simkasirikii. Kinachoniuma ni kwamba kila alasiri anakaa pale peke yake akibonyeza kitufe, na kila jioni sauti yake imezeeka. Bibi anasema hali chakula.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mkuu wa shule kuomba jina langu litolewe kwenye hesabu. Karani alinisomea karatasi, nikaweka dole gumba. Nitasamehewa kama wengine. Tarehe ikipita atadhani ni ofisi iliyofuta, na hatakuwa na haja ya kubonyeza tena.

Usimwambie, tafadhali. Babu akiona aibu hasemi, anasahihisha. Atanisahihisha mimi mpaka nimalize shule.

Na usijisumbue na kompyuta. Kama umeshaipata, basi, ila usiharakishe.

Mjukuu wako

*

Tarehe 22 Septemba

Shemeji,

Nimeipata. Ilikuwa stoo ya studio ya picha iliyofungwa, chini ya mapazia, na tundu pana liko nyuma yake limejaa utando wa buibui. Nimeifungua mwenyewe. Kizazi cha pili, nimeangalia pengo kwa macho, kwa kidole na kwa kijiti kingine cha kulinganisha. Nimeweka pacha mbili, jibi mbili mbili. Nimeiwasha usiku kucha haikukohoa. Programu ya nukta nundu nimeipakia kutoka kwenye diski uliyonipa mwaka ule. Karani wa mizigo ameniapia kwamba atakaa nayo kiti kimoja.

Nina jambo moja. Mwambie mtoto ukweli. Usisubiri kurasa. Ukimaliza kusoma barua hii, inuka, nenda bwenini, umwambie. Usiniulize kwa nini. Nimeshika mdomo kwa ahadi ya mtu, na ahadi hiyo inanikaba.

Leo hii, shemeji. Nakuomba.

Bisibisi

*

Tarehe 8 Oktoba

Kwa shemeji yangu,

Kompyuta ilifika tarehe 26, nzima, na karani alikataa hata chai kabla hajaiona imewaka. Niliiunganisha mchana ule ule. Sura ya pembetatu ilipita. Sura ya duara ilipita. Nilisimama mbele ya kioo cha kompyuta nikisubiri igande kwa mazoea, haikuganda.

Nilikusoma, na sikuinuka. Kwa nundu kitabu kimoja hugawanywa mabuku mengi, nami nilijiambia kwamba nikiwa na buku la kwanza mkononi nitampelekea, nitamwambia yote kwa pamoja, la kweli na la uongo, na la kweli litakuwa zito zaidi. Nilichapa siku nne, msahihishaji akisoma kila ukurasa nyuma yangu. Dada yako aliweka chakula mezani kwangu na safari hii akakaa.

Mkaguzi alikuja tarehe 30. Alikuta mabuku matatu yamefungwa, na la nne linatoka mashinini. Nilimweleza kila kitu, hata moshi, hata kitufe. Ni mtu wa maneno machache. Alipapasa duara kwa kidole chake, akafumba macho, akapapasa tena. Kisha akasema, "Mwalimu, kazi hii inaonekana. Nitakuandikia wiki mbili za nyongeza, umalize." Alitoa kalamu. Akafungua orodha yake ili aandike mbele ya jina, akapitisha kalamu juu hadi chini, akarudia. Akaniuliza, "Huyu mtahiniwa ni yupi?"

Mkuu wa shule aliletewa karatasi. Dole gumba ni lake. Mkaguzi alisema kwamba jina lililofutwa na ofisi angeweza kulirudisha kwa kalamu ile ile, lakini mtahiniwa akijitoa mwenyewe hakuna mwenye mamlaka ya kumrudisha, na ruhusa ilikuwa ya mwaka huu tu. Alirudisha kalamu yake mfukoni. Alinipa mkono kwa heshima, nayo heshima yake ndiyo iliyonivunja.

Nilikwenda bwenini. Sikuwa na la kusahihisha. Nilimwambia, "Haikuwa duara." Akasema, "Najua, Babu." Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu chai." Tulikaa kwenye kitanda chake hadi kengele ya chakula ikalia, na hakuna aliyeinuka. Nilimwambia mkaguzi alikuwa anaandika nyongeza. Sikutaka kumwambia, lakini nimemaliza kumficha mambo. Hakulia. Alinyoosha shuka upande wake, kisha akanyoosha na upande wangu.

Sikulaumu kwa kushika ahadi yake. Ni mjukuu wako pia. Ulinisihi leo hii, nami nikasubiri kurasa.

Kitabu kimekamilika juzi, mabuku kumi na moja, michoro yote. Nimekipanga rafuni karibu na dirisha, na msahihishaji amekibandika utepe wake. Jana nilimwita mjukuu aje akishike. Aligusa utepe, akasoma jina la kitabu, akasema, "Kimetoka vizuri." Akaenda darasani, walikuwa na kipindi cha historia.

Kuhusu swali langu la kwanza, la kiasi na aina, jibu lako lilikuwa sahihi. Ulisema jibi nne zinatosha. Zinatosha, shemeji. Mashine haijaganda hata mara moja.

Mwalimu